Mstari wa Samli

Kwa miaka kumi na tisa nimewachapa watoto wa Hunasihatti kwa sababu ya mwanamke anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na ambaye ungo ninaopepetea mtama ni wake. Sikujua. Ningejua ningechapa kidogo zaidi, au ningeacha kabisa, sina hakika.

Mimi ni Kalakappa, mwalimu wa Kikannada, lugha ya jimbo letu, na nilistaafu mwaka jana. Katika kitabu cha darasa la saba, ukurasa wa arobaini na moja, juu ya shairi kuna kisanduku. Mshairi: Mama Mkwaju. Wakati: karibu mwaka 1160. Mahali: Hunasihatti. Kila mtihani wa mwisho wa mwaka lazima uulize kisanduku hicho, alama moja, na kila mwaka kuna mtoto wa Hunasihatti, aliyezaliwa Hunasihatti, akala na kulala Hunasihatti, anayeandika kwamba Mama Mkwaju ni wa mji mwingine. Huyo nilimshughulikia. Lilikuwa suala la heshima ya kijiji.

Jina Mama Mkwaju tulimpa sisi. Washairi wa zamani wa aina yake hawakutia majina yao kwenye mashairi. Kila mmoja alimalizia kwa kumwita mungu wake, na mwito huo ndio uliokuwa saini yake. Wa kwetu anamalizia na Somayya wa Mkwajuni, yule wa hekalu dogo nyuma ya tangi la maji, basi tukamwita hivyo. Shairi lenyewe hili hapa, na anayetaka kulikariri alikariri:

Wenye nyati walikuletea maziwa,
wenye shamba walikuletea mtama,
mimi nimekuletea pilipili moja na machozi yake.
Dada yangu ana mtungi wa samli, akaufunua, akanipa harufu.
Nilikula harufu nikashiba aibu.
Njaa yangu ndiyo kengele ya mlango wako,
ewe Somayya wa Mkwajuni.

Kwa ajili ya mistari hiyo saba tulipewa Mkutano wa Fasihi wa Wilaya. Kijiji chenye kituo kimoja cha basi na mashine moja ya kukoboa kikapata mkutano ambao miji yenye vyuo huugombania mpaka watu wanarushiana viti. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mapokezi, maana yake nilikuwa mtu wa kugombana na wenye mahema na wenye biringanya. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Andanayya kutoka mjini. Na penye njia ya kuingilia kijijini tulisimamisha jiwe la granaiti, urefu wa watu wawili, ili Fundi Maunesha achonge juu yake shairi zima. Mgeni rasmi angelifunua Jumapili.

Jumatano asubuhi nilikuwa kibarazani nasahihisha kitabu cha kumbukumbu cha mkutano. Paravva akaja kuuchukua ungo wake. Ni mwanamke wa miaka sabini na sita, mwembamba, mjane, na hana tabia ya kukaa kwenye ngazi za watu.

"Umekula, Mwalimu?"

"Nimekula, Mama."

"Umekula nini?"

"Mkate wa mtama na biringanya. Karibu."

"Nimeshiba. Lile jiwe, wataandika shairi lote?"

"Lote. Mistari saba."

"Hata ule wa samli?"

"Huo ndio wenyewe, Mama. Huo ndio uliotuletea mkutano."

Akakaa kwenye ngazi. Akaugeuza ungo, akautazama upande wa pili, akaugeuza tena.

"Shairi lile niliandika mimi," alisema.

Nikacheka. Nilicheka kwa adabu, kama mtu anavyomcheka mkubwa wake. Yeye alingoja nimalize, kisha akaanza kunisomea kwa kichwa mashairi mengine, moja baada ya moja, likiwemo moja la jongoo na moja la mkwe aliyemezwa na kiatu. Hayo mawili yalikuwa hayajachapishwa popote duniani. Yalikuwa kwenye karatasi zilizokuwa mapajani mwangu, na watu waliowahi kuyaona tulikuwa wawili, mimi na Profesa. Nilifuatisha kwa kidole. Hakukosea hata neno. Lile la jongoo alilisoma kwa ukamilifu zaidi, kwa sababu kwenye karatasi zangu mstari wa mwisho uliandikwa "umeliwa na panya."

Nikaziweka karatasi chini.

"Mimi nimewachapa watoto kwa sababu yako," nikamwambia.

"Nilikuwa nasikia. Nyumba yangu iko pale."

"Na hukusema kitu?"

"Walikuwa hawasomi, Mwalimu. Kama si kwa hilo ungewachapa kwa lingine."

Akanieleza, na maelezo yenyewe yalikuwa mepesi mpaka nikaona haya. Baba mkwe wake alikuwa mtu wa mwisho katika wilaya nzima kunakili vitabu vya kale kwa ajili ya nyumba ya watawa, kwa kalamu ya chuma, juu ya majani makavu ya mvumo. Karatasi aliidharau. Bi harusi alipoingia nyumbani na nusu ya darasa la nne, mzee alimfundisha ile kazi ili amsaidie macho yake yalipochoka, na kwa kunakili miaka mitatu mfululizo Paravva akazoea lugha ya kale kama watu wanavyozoea chumvi. Majani yaliyobaki aliyaandikia ya kwake. Aliyahifadhi darini juu ya jiko, mchwa wasiyale, na moshi wa samadi ya nyati ukayatia rangi ya chai. Mzee alipofariki, mafurushi yote yalipelekwa kwa watawa, ya kale na ya juzi pamoja. Miaka mingi baadaye Profesa aliyafungua.

"Sasa mbona unasema leo?" nikauliza. "Kitabu kina miaka zaidi ya ishirini."

"Kitabu kinachakaa. Serikali ikibadilika wanakibadilisha. Jiwe je?" Akauweka ungo chini. "Dada amerudi, Mwalimu. Unajua amerudi."

Nilijua. Gurusiddavva, dada yake mkubwa, alifiwa na mume kule Kadlihala, hakuwa na mtoto, na mpwa wao alimleta miezi miwili iliyopita akae naye mtaa huuhuu. Kila asubuhi nilikuwa nawaona hao wakongwe wawili kwenye bomba moja la maji, kila mmoja akitazama ndoo yake. Nilidhani ni uziwi.

Haukuwa uziwi. Mwaka wa ule ukame mkubwa, miaka hamsini na mitatu iliyopita, Paravva alitembea nusu siku mpaka Kadlihala, mtoto wa kwanza kiunoni, kwenda kwa dada aliyeolewa kwenye nyumba ya nyati wanne. Dada akampa kipande cha mkate mkavu. Kisha akateremsha mtungi wa samli, akafunua kitambaa, akaupitisha chini ya pua ya mdogo wake, akaufunika. Paravva akarudi nyumbani akiwa amevimba kwa hasira, akapanda darini, akaandika. Jirani mmoja alimsikia akiusoma ule mstari, wanawake wakauchukua wakauimba wakisaga mtama, na nyimbo za kijaa hazina mpaka. Baada ya miezi mitatu muuza bangili akaja na salamu kutoka Kadlihala. Salamu zilikuwa maneno matatu: mwambie nimeusikia mstari. Yalikuwa ya mwisho.

"Yeye ana miaka themanini na mbili," Paravva alisema. "Nataka niende nikakae naye kabla mmoja wetu hajaenda. Lakini niende na uso gani, wakati matusi yangu kwake yanachongwa mlangoni mwa kijiji? Niondolee mstari mmoja tu. Mengine sitaki kitu."

Nilimwonea huruma, na zaidi nilijionea huruma mwenyewe, maana nilijua itabidi nimpeleke kwa Profesa.

Profesa Andanayya si mtu mbaya. Ni mtu anayelia kwa urahisi mashairi yakisomwa, na machozi yake ni ya kweli. Tasnifu yake ya udaktari ilikuwa juu ya mstari wa samli peke yake, kurasa mia nne na kumi na mbili. Dada ni Udanganyifu wa Dunia, mtungi ni mwili, kitambaa ni ujinga, samli ni ukombozi wa roho, harufu ni maandiko. Aliposikia maneno yangu alimtazama Paravva kwa upole mwingi, akaagiza aletewe maziwa ya moto.

"Mama," alisema, "yako mambo mawili. La kwanza, ukiwa wewe ndiye Mama Mkwaju, basi Mama Mkwaju yuko hai. Mkutano hauwezi kufanywa kwa ajili ya mtu anayekaa nyumba ya tatu. Mshairi aliye hai anajiandikisha kwenye kikao cha washairi. Orodha imefika mia moja na tatu. Utakuwa wa mia moja na nne, na kila mmoja ana dakika mbili."

"Sitaki kusoma. Nataka kufuta."

"La pili ni ushahidi. Haya majani yana moshi wa miaka mia nane."

"Miaka tisa," Paravva alisema. "Moshi wa samadi unakwenda haraka."

"Profesa," nikaingilia, "mstari wa tatu una pilipili. Pilipili imekuja na watu wa merikebu miaka mia tatu na zaidi baada ya 1160. Mtoto wa darasa la saba anajua."

Akatabasamu. Akafungua kabati, akatoa kijitabu chake kingine, na ndani yake alikuwa amethibitisha, kwa kutegemea mstari wa tatu wa Mama Mkwaju, kwamba pilipili ilikuwa Hunasihatti kabla ya kuwa mahali pengine popote. Kijitabu kilipewa medali. Nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyesoma hotuba ya kumpongeza.

Kisha kwa haki, maana anajiona mtu wa haki, akampa mtihani. Aliandika maswali manne kwenye karatasi ya mkutano na kumkalisha mezani. Eleza maana ya dada. Eleza maana ya mtungi. Kwa nini mshairi anasema harufu na si ladha? Fafanua kwa mifano. Paravva akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo, na Profesa akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Dada: Gurusiddavva, mke wa Irappa wa Kadlihala. Mtungi: wa udongo, una ufa mdomoni. Kwa nini harufu: kwa sababu ndiyo aliyonipa.

"Tatu kati ya ishirini," Profesa alisema. "Nimekupa tatu kwa mwandiko. Mama, huyu mshairi humwelewi hata kidogo."

Paravva alikunywa maziwa yake mpaka mwisho, akamshukuru. Njiani tulipita kwenye jiwe. Fundi Maunesha alikuwa juu ya ngazi, tindo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amefika mstari wa sita.

"Fundi," Paravva alimwita, "ule wa nne unaweza kufutika?"

"Mimi nachonga, Mama. Jiwe halina raba."

"Na ukiambiwa na kamati?"

"Nikiambiwa na kamati nitalisawazisha jiwe pale penye mstari, pawe ukanda laini. Kurudisha ndiko hakuna. Kilichotoka kimetoka."

Usiku ule sikulala vizuri kwa hasira. Nilijikasirikia mimi, miaka kumi na tisa ya fimbo, na yule Profesa na machozi yake. Asubuhi ndipo nikapata njia, na niliipata kwa sababu na mimi nimekula chumvi ya kazi hii. Kwetu sisi watu wa vitabu vya kale, mshairi hakosei. Lakini mnakili hukosea kila siku. Ukitaka kuuondoa mstari wa mtakatifu usiseme ni mbaya, sema umechomekwa na mkono wa baadaye, na kila mtu ataona raha, maana atapata la kuandika.

Nikarudi kwa Profesa peke yangu. Nilimwambia kwamba nimemhoji yule mama na ukweli umepatikana. Shairi ni la 1160, hakuna shaka. Ila mjakazi wa kunakili, mkwe wa nyumba, akiwa na ugomvi na dada yake, alilinakili upya na kuchomeka mstari mmoja wa kwake katikati. Angekiri mbele ya watu.

Profesa aliishika tasnifu yake, kurasa mia nne na kumi na mbili, akaiweka mapajani akaipapasa. Nilidhani nimemuua. Lakini polepole uso wake ukaanza kupata damu, na nikaona macho yanakwenda huku na huku.

"Mstari uliochomekwa," alisema. "Mwanamke wa kijijini, hasira za kike, miaka mia nane inakutana jikoni. Kalakappa, hii ni juzuu mbili."

Paravva nilimweleza jioni. Nilimwambia wazi kwamba atapoteza shairi zima, na mengine yote arobaini, kwa kuandika na kutia saini. Atabaki na ule mmoja, na huo wataufuta.

"Wachukue," alisema. "Nilikuwa sijui kama ni mali. Ilimradi Dada atoke humo."

Jumamosi mkutano ulifunguliwa. Wanawake mia moja na moja walitangulia na mitungi ya shaba kichwani, wakafuata wapiga ngoma, kisha rais wa mkutano juu ya trekta lililopambwa kwa migomba, amevaa kilemba kikubwa kilichomfunika nyusi. Kikao cha washairi kilianza saa nne kiishe saa sita. Mshairi wa kwanza alitumia dakika ishirini na mbili, wa pili akasema hatakuwa mrefu kama mwenzake. Ilipofika saa tisa walikuwa wamesoma kumi na watano, harufu ya chapati tamu za dengu ilikuwa inatoka kwenye hema la chakula, na wapishi walikuwa wamekataa kugawa mpaka maazimio yapite.

Maazimio hupita kila mkutano. Safari hii yalikuwa matatu. La kwanza, mpaka wa jimbo usiguswe. Mikono ikainuka. La pili, vijana wa Kikannada wapewe kazi kwanza. Mikono ikainuka. La tatu, mstari wa nne wa shairi la Mama Mkwaju umechomekwa na uondolewe jiweni na vitabuni. Mikono ilikuwa bado iko juu kutoka la pili. Likapita.

Kabla ya hapo Paravva alipandishwa jukwaani akasoma karatasi niliyomwandikia. Alisema kwamba mstari wa samli ni wake na mingine si yake. Sauti ilikuwa thabiti. Profesa alilia. Na kwa kuwa kwetu mtu hashuki jukwaani mikono mitupu, rais wa mkutano alimvika Paravva shali, shada la maua, kilemba, akampa kapu la matunda, na fremu ya kioo yenye maandishi ya dhahabu: kwa mchango wake katika kuliharibu shairi. Watu walipiga makofi sana. Nilimshika mkono kushuka ngazi na nilihisi kwamba mkono ule ulikuwa mwepesi kuliko kawaida.

Maunesha alifanya kazi mpaka giza lilipoingia. Kulipokucha Jumapili, kati ya mstari wa tatu na wa tano palikuwa na ukanda laini, unaong'aa, upana wa shubiri moja.

Mgeni rasmi alifunua jiwe saa tatu, akasema maneno, akaondoka. Watu walimfuata kwenye chai. Tukabaki mimi, Maunesha aliyekuwa akifunga vifaa vyake, na Paravva. Alikuwa amevaa ile shali juu ya sari ya nyumbani, na mkononi alikuwa na kopo la mtindi.

"Nakwenda kwake sasa," alisema. "Nimpelekee na hiki. Nitamwambia pita popote utakapo, humo tena jiweni."

Hakulazimika kwenda. Gurusiddavva alikuwa anakuja mwenyewe, barabarani, kwa fimbo, akipumzika kila hatua kumi. Alikuwa amevaa sari yake ya arusi za watu, na nywele zake chache zilikuwa zimepakwa mafuta. Alimpita mdogo wake bila kumtazama akaja kusimama mbele yangu.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndimi, Bibi."

"Mimi sijui kusoma. Spika ya bajaji imepita wiki nzima inasema shairi la Hunasihatti liko jiweni." Akainua fimbo, akaielekeza juu. "Nionyeshe. Mimi niko mstari wa ngapi?"

Nimesimama mbele ya madarasa miaka thelathini na minne. Swali hilo halikuwa langu. Nilimtazama Paravva, na Paravva ndiye aliyejibu.

"Dada, humo. Nimekutoa."

"Umenitoa?"

"Nimewaambia wafute. Jana, mbele ya watu wote. Yale matusi yangu hayapo tena, Dada. Pale palipo laini."

Gurusiddavva alisogea mpaka kwenye jiwe. Ukanda ule uko juu ya kichwa cha mtu, akajinyoosha, akaufikia kwa ncha za vidole, akaupapasa kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Sina mtoto," alisema, akiwa bado ametupa mgongo. "Mume wangu amekufa, ile nyumba wamechukua wenyewe. Kitu pekee kilichonitaja duniani kilikuwa huo mstari, na wewe umekwenda kuufuta."

"Ulikuwa unakutukana."

"Ulikuwa unanitukana wapi? Nilikupa harufu, ukaandika harufu."

"Ulikuwa na samli, Dada. Nilikuwa na mtoto kiunoni, na ulikuwa na mtungi mzima wa samli, ukanipitishia puani."

Yule mkongwe akageuka. Ndipo nilipoona kwamba hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nyati walikufa mwezi wa pili," alisema. "Wote wanne. Irappa alinikataza kusema, alikuwa na aibu, alikuwa anatoka asubuhi na kamba anajifanya anakwenda kuwalisha. Mtungi ulikuwa mtupu, Paru. Ulibaki na harufu. Nilikuwa nikila mkate wangu mkavu naufunua, nainusa, nala. Siku hiyo sikula. Nilikupa wewe mkate, na harufu pia nikakupa wewe."

Maunesha aliacha kufunga mfuko wake.

Paravva alijaribu kuliweka chini lile kopo la mtindi, likamponyoka. Mtindi ukaenda kwenye vumbi la granaiti.

"Miaka hamsini na mitatu," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliandika."

Paravva alikaa chini palepale, kwenye vipande vya jiwe, na shali yake, akajifunika uso kwa mikono. Nilimgeukia Maunesha na nadhani nilimtazama vile wanavyotazama watu wenye kuomba, maana alitikisa kichwa taratibu kabla sijasema lolote. Gurusiddavva naye akaanza kujishusha, goti moja, kisha la pili, akiguna, mpaka akakaa karibu na mdogo wake, bega kwa bega.

"Hiyo mistari mingine iliyobaki ni yako?"

"Ilikuwa. Mpaka jana."

"Basi nisomee. Na ukifika pangu usiruke."

Paravva akajifuta, akainua uso, akasoma. Wenye nyati walikuletea maziwa. Wenye shamba walikuletea mtama. Mimi nimekuletea pilipili moja na machozi yake. Alipofika kwenye ule ukanda laini sauti ilikatika, akafungua mdomo mara mbili hakikutoka kitu, na Gurusiddavva, asiyejua kusoma, akausema ule mstari yeye, neno kwa neno, kama wanawake wa kijaa walivyokuwa wakiuimba, kisha akamgusa mdogo wake goti ili aendelee.